Vinundu vya lupasi kwenye mafuta ya chini ya ngozi: aliyepitia matibabu anisaidie

MuanikaDagaa wa Igombe

Wana jukwaa, nawasalimu nyote. Niko Igombe, Ilemela, kazi yangu ni dagaa. Nanunua mwaloni alfajiri mitumbwi ikirudi, naanika, wakikauka nawauzia wafungaji wa Kirumba wanaopeleka hadi Kongo. Nina watoto wawili. Naomba mwenye ugonjwa huu, au aliyeuguza mtu mwenye nao, anieleze, maana hapa mtaani kila mtu ana lake na mimi ndiye ninayemeza vidonge.

Ulianza mkono wa kushoto, upande wa nje, chini kidogo ya bega. Niligusa kitu kigumu ndani kabisa, upana wa vidole viwili, ngozi ya juu iko kawaida ila imekoza rangi kidogo. Nikilalia upande huo naamka kwa maumivu. Kikatokea kingine mkono wa kulia, halafu shavuni. Zahanati moja wakaniambia ni majipu, nikachomwa sindano za masaa makalioni, hakikupungua kitu. Cha mkono wa kushoto wakakipasua. Usaha haukutoka hata tone, ilitoka damu na majimaji yenye mafutamafuta, na kidonda kikakataa kufunga kwa muda mrefu sana. Kisha palepale nilipochomwa sindano nako kukaota kinundu.

Sasa kile cha mkono wa kulia kimenywea chenyewe lakini kimeniachia shimo, ncha ya kidole gumba inazama. Shavu nalo limeanza kuingia ndani upande mmoja, watu wananiuliza kama nimeng'oa meno.

Mwisho nilipata rufaa. Daktari wa ngozi akakata kinyama kirefu hadi kwenye mafuta, majibu yakasema ni lupasi (ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe) iliyoingia kwenye mafuta chini ya ngozi. Nimeanzishiwa haidroksiklorokwini na prednisoloni. Maumivu yamepungua, lakini vinundu bado navigusa na ni wiki kadhaa sasa. Mama mkwe anasema hiyo ni dawa ya malaria na itanipofua macho. Shemeji anasema nimerogwa kwa sababu ya biashara.

Ninachouliza: dawa ya malaria inatibuje kitu kama hiki? Mashimo yatajaa? Jua la kuanikia dagaa nifanyeje, maana ndiyo kula yetu? Na mimi na baba watoto tulikuwa na mpango wa mtoto wa tatu, nao ndiyo umekufa?

MzeeWaKitangiri

Pole sana binti yangu. Marehemu dada yangu alikuwa na vitu vya namna hiyo begani, akapelekwa kwa mtaalamu mmoja ng'ambo ya Kigongo, akamchanja chale na kumpaka dawa ya mizizi, vikanywea. Hospitali wakishindwa usikae tu. Na mtu akukande kwa maji ya moto na chumvi kila jioni, damu mbaya itawanyike. Mungu akujalie.

MwalimuWaNyegezi

Mzee wetu wa Kitangiri, shikamoo. Najua umeandika kwa huruma na pole kwa msiba wa dada yako. Lakini kwa ugonjwa huu nakuomba sana, baba, wembe ukae mbali na huyu binti. Nitaeleza sababu.

Mdogo wangu wa Igombe, mwangaluka. Mimi nafundisha baiolojia sekondari na nimeishi na lupasi ya mafuta kwa miaka mingi. Mabega yangu yote mawili na paja la kulia vina alama zake. Nitaandika kirefu kwa sababu wakati naanza sikumpata mtu wa kunieleza kwa Kiswahili, na wewe uko katika hatua ambayo bado kuna nyama ya kuokoa.

Kinga ya mwili wako imeyageukia mafuta yako mwenyewe. Chini ya ngozi kuna tabaka la mafuta lililogawanyika katika vijumba vidogo vidogo, na kwenye lupasi ya aina hii chembe nyeupe za damu zinaingia ndani ya vijumba hivyo na kukaa humo. Mafuta yanavimba, yanauma, yanakuwa magumu. Yakiachwa hivyo kwa muda, seli za mafuta zinakufa na mahali pake panabaki kovu au panabaki pengo. Ndiyo maana ngozi yako ya juu inaonekana nzima huku chini panabomoka. Ugonjwa huu unapenda sehemu ulizozitaja hasa: mikono ya juu, mabega, uso, makalio, mapaja, wakati mwingine matiti na kichwani. Mtu akiwa na vinundu miguuni tu, chini ya goti, daktari huanza kuwaza kitu kingine kwanza.

Kuhusu kurogwa: daktari mmoja aitwaye Kaposi, wa Vienna, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1883. Watu wa kule hawakuwa na biashara ya dagaa Igombe. Mwambie shemeji hivyo kwa upole, na umwonyeshe karatasi ya majibu ya kinyama, maana karatasi ina nguvu kuliko mabishano.

Wembe sasa. Vinundu vya lupasi hii vina tabia ya kuibuka mahali palipojeruhiwa. Sindano ya makalioni, kugongwa, kupasuliwa, vyote vinaweza kuamsha kingine au kugeuza kinundu kuwa kidonda kisichofunga. Uliyaona mwenyewe yote mawili. Kwa hiyo chale hapana, kutumbua hapana, kukandwa kwa nguvu na maji ya moto hapana. Ukiugua kitu kingine na daktari akataka kukuandikia sindano ya nyama, mwambie una lupasi ya mafuta na umuulize kama kuna vidonge au njia ya mshipa. Hiyo haina maana ukatae sindano ya dharura wala chanjo. Kinyama cha kupima ni jambo tofauti, hicho lazima kikatwe na kikatwe kirefu, kwa sababu cha juujuu hakifiki kwenye mafuta na majibu yake hayasaidii. Tena kuna sababu nzito ya kukikata: ipo saratani adimu ya chembe nyeupe za damu inayokaa kwenye mafuta hayohayo na kufanana na lupasi hii kiasi cha kuwababaisha hata wanaoangalia kwa hadubini. Kwa hiyo ukiona homa isiyoisha, unapungua mwili, au vinundu vinazidi hata baada ya miezi ya dawa, usione aibu kumuuliza daktari kama kuna haja ya kukata kinyama kingine.

Sasa haidroksiklorokwini. Ni kweli ni ndugu wa klorokwini, ile ambayo wengi wetu wa umri wangu tuliinywa utotoni tukajikuna usiku kucha, kabla serikali haijaiondoa kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Kwenye lupasi haitumwi kuua mdudu. Inaingia ndani ya seli za kinga, kwenye vifuko vya tindikali ambamo seli humeng'enya vitu ilivyovimeza, na kuipunguza ile tindikali. Seli inakosa nguvu ya kupiga kelele kuita nyingine, na uvimbe unatulia. Jambo hili linajulikana zamani: mwaka 1951 daktari Page wa Uingereza alichapisha habari za wagonjwa wa lupasi waliopata nafuu kwa mepakrini, dawa nyingine ya malaria, na haidroksiklorokwini yenyewe iliidhinishwa Marekani mwaka 1955. Mama mkwe hajakosea kusema ni dawa ya malaria. Mwambie tu kwamba ina kazi mbili.

Inakwenda polepole. Hapa ndipo wengi wanakata tamaa, nami nakusihi usikate. Inachukua miezi miwili au mitatu kuanza kuonekana vizuri, na hadi miezi sita kabla ya kusema imefanya kazi au imeshindwa. Nafuu ya maumivu unayoisikia sasa ni ya prednisoloni, ambayo inafanya kazi haraka. Daktari anakupa zote mbili ili moja ishikilie wakati nyingine inapanda, kisha prednisoloni inapunguzwa kidogo kidogo. Kwa hiyo wiki kadhaa bado ni mapema mno kuilaumu dawa.

Macho. Hatari ipo kweli, nayo inategemea kiasi na miaka. Kiwango cha juu kinachokubalika ni miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku. Mtu wa kilo 60 anafika miligramu 300, na kwa kuwa kidonge kina 200, daktari anaweza kumwandikia kimoja leo na viwili kesho. Ukikaa ndani ya kiwango hicho na figo zako ni nzima, hatari ya kuharibu kioo cha nyuma ya jicho katika miaka kumi ya kwanza ni chini ya asilimia 2. Baada ya miaka ishirini inapanda sana. Kwa hiyo nenda kliniki ya macho mwaka huu wapime jicho likiwa bado zima, wapate cha kulinganishia, na ukifika mwaka wa tano uwe unapimwa kila mwaka. Mwambie daktari uzito wako wa sasa, wa mzani. Ukipungua au kunenepa, hesabu ibadilike.

Mashimo. Mdogo wangu, hapa sitakudanganya. Kilichokwisha kuwa shimo hakijai kwa dawa. Mafuta yaliyokufa hayarudi. Dawa inalinda yale ambayo bado ni kinundu, na yale ambayo bado hayajaguswa. Hii ndiyo sababu ninakazana kuandika: kila mwezi ambao uvimbe unaendelea, mwili unapoteza sehemu ambayo hautairudisha. Kinundu cha shavuni kikitulia mapema, shavu linaweza kubakia na mbonyeo mdogo usioonekana na mtu. Kikiachwa mwaka, lile shimo litakuwa sura yako. Vingine vya zamani hugeuka kuwa vigumu kabisa kwa sababu chokaa inajikusanya ndani yake. Ninacho kimoja pajani, hakiumi, nimekizoea.

Jambo moja lililonisaidia sana: nilikuwa na rula ya darasani. Mwanzoni mwa kila mwezi nilikuwa nazungushia kinundu kwa kalamu kule ninakokisikia kwa kidole, napima upana, naandika nyuma ya daftari la kliniki, na napiga picha kwa simu mchana kwenye mwanga uleule wa dirishani. Daktari anayekuona kwa dakika chache hawezi kukumbuka kinundu chako kilikuwaje miezi mitatu nyuma, na wewe unayekigusa kila siku huwezi kuona mabadiliko madogo. Ukimwekea namba mezani, maamuzi ya kuongeza dawa au kuacha yanafanyika kwa uhakika.

Na jua. Jua linachochea lupasi ya juu ya ngozi zaidi kuliko hii ya chini, lakini zote mbili zinaweza kukaa kwa mtu mmoja na zote hazilipendi. Wewe uko mahali pagumu: jua la juu, mchanga unaakisi, ziwa linaakisi. Saa mbaya ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Kama unaweza, kumwaga na kutandaza asubuhi mapema ufanye wewe, na kugeuza mchana afanye mwingine kwa malipo kidogo. Vichanja vinasaidia hapa kuliko kuanika mchangani, kwa sababu dagaa wanapata hewa juu na chini na hawahitaji kugeuzwa mara nyingi. Tena bei yake ni nzuri kwa kuwa hawana mchanga. Vaa mikono mirefu ya kitambaa kizito, kofia pana, kanga juu ya mabega. Mafuta ya kuzuia jua yapo, hata hospitali ya KCMC Moshi wanatengeneza kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino. Ulizia kliniki ya ngozi namna ya kupata yanayofaa. Na usibebe gunia begani penye kinundu.

Mahudhurio ya kliniki yapange siku za mbalamwezi, wakati wavuvi hawaendi na wewe huna mzigo. Ukiweka kliniki katikati ya giza, utaikosa, nakwambia kwa sababu wanafunzi wangu wengi ni watoto wa mwaloni na ninajua nyumba inakuwaje dagaa wakiwa wengi.

Mtoto wa tatu nitalijibu baadaye, nina kipindi sasa.

MfamasiaWaBuzuruga

Mwalimu ameeleza vizuri. Niongezee upande wa dawa, maana watu wa hali hii nawaona dirishani na mambo yanayowaumiza ni yaleyale.

Dada wa Igombe, prednisoloni usiiache ghafla siku ikikuishia. Mwili unapopewa dawa hiyo kwa wiki kadhaa unapunguza kutengeneza homoni yake yenyewe, na ukikata ghafla unaweza kuanguka, presha ikashuka, ukatapika. Ikibaki vidonge vichache na tarehe ya kliniki iko mbali, njoo au piga simu kliniki kabla havijaisha. Meza asubuhi baada ya kula. Pima presha na sukari. Uso ukijaa na njaa ikizidi, ni dawa hiyo, itapungua kadiri dozi inavyoshuka.

Kabla mtu hajakaa na prednisoloni kwa muda mrefu, ni vizuri awe amepimwa kifua kikuu, virusi vya ukimwi na homa ya ini aina ya B. Na kwa sisi tunaokanyaga mchanga na matope peku, kuna mnyoo aitwaye strongiloidesi anaingia kupitia ngozi ya mguu na kujificha tumboni kwa miaka bila shida. Kinga ikishushwa na prednisoloni anaweza kuzaliana na kusambaa mwilini, na hapo anaua. Ugonjwa huo unatibika kwa ivamektini. Uliza kama ulichunguzwa. Kama hukuchunguzwa, omba.

Homa: haidroksiklorokwini unayomeza haikukingi na malaria ya hapa. Ukipata homa kapime, na ukikutwa na malaria mweleze anayekuandikia dawa mseto kwamba unameza haidroksiklorokwini, kwa sababu zote mbili zinagusa mapigo ya moyo na anatakiwa kujua. Ukikutwa huna malaria, usirudi nyumbani kulala. Mtu mwenye kinga iliyoshushwa homa yake inatafutiwa sababu.

Kuna wengine wanatoka kwenye haidroksiklorokwini kwenda hatua ya pili. Inayotumika sana ni methotreksati, na narudia kila siku kwa sauti: ni mara moja kwa WIKI. Chagua siku, andika kwenye boksi, mwambie na mtu wa nyumbani. Kuimeza kila siku kunaua uboho wa mifupa, na kumetokea duniani kote kwa watu waliodhani ni kama dawa nyingine. Inaambatana na asidi ya foliki, na damu na ini vinapimwa. Pombe iachwe. Zipo pia mikofenoleti na azathioprini. Dapsoni inasaidia baadhi ya watu, lakini kanda yetu hii ya malaria ina watu wengi waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na wao dapsoni inapasua chembe nyekundu za damu. Kipimo kwanza.

Krimu za kupaka hazifiki kwenye mafuta yaliyo chini hivyo. Na zile za kung'arisha uso zinazouzwa sokoni zikiwa na klobetasoli (steroidi kali, jamii ya prednisoloni) ndani zinakondesha ngozi. Shavu linaloingia ndani likipakwa hizo litaonekana baya mara mbili. Kuna madaktari wanaochoma steroidi ndani ya kinundu kimoja kilichobaki, lakini hiyo nayo inaweza kuongeza shimo, kwa hiyo si ya kuombwa kwa yeyote mwenye bomba la sindano.

Kijana_Sengerema

Samahani kuingilia. Mimi ni mwanaume, vinundu vyangu viko kwenye muundi, vyekundu, vinauma nikisimama, halafu vinageuka rangi ya kijani na zambarau na kupotea bila shimo. Nami nina lupasi ya mafuta?

MfamasiaWaBuzuruga

Mdogo wangu, ulivyoeleza ni tofauti. Vya muundi vinavyopotea bila kuacha alama mara nyingi ni mwili unaitikia kitu kingine: koo lililougua kwa bakteria, dawa fulani, kifua kikuu, ugonjwa wa utumbo. Vikiwa nyuma, kwenye shavu la mguu, na vinachimbika kuwa vidonda, kifua kikuu kinatafutwa kwa bidii na tiba yake ni dawa za TB. Ukiwa pia na mabaka ya ngozi yasiyosikia ukiguswa, au ulishatibiwa ukoma, sema mapema, kwa sababu ukoma nao una mchachamao wa vinundu wenye dawa zake. Nenda wakupige picha ya kifua na wakuangalie koo. Usimeze prednisoloni ya jirani, inaweza kuficha TB huku inaenea.

MuanikaDagaa wa Igombe

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma maneno yako mara mbili, na nimemsomea mama mkwe pale kwenye dawa ya malaria yenye kazi mbili, amenyamaza na kuniuliza dozi ya leo nimemeza. Mzee wa Kitangiri, baba, nashukuru kwa kunijali. Chale nitaacha.

Nimeumia kusikia mashimo hayajai, lakini afadhali nijue. Nimepima cha shavuni leo kwa rula ya mtoto. Bado nina maswali. Hiki kipimo cha damu cha kingamwili wanachokiita ANA kwangu kilitoka hasi, na mtu mmoja hapa ananiambia basi siyo lupasi, wamekosea. Na mkojo walipima, sijui kwa nini, mimi siumwi mkojo. Na la mtoto.

MwalimuWaNyegezi

Marahaba mdogo wangu. Msalimie mama mkwe, na umwambie mtu anayemkumbusha mgonjwa dozi ni sehemu ya tiba.

ANA hasi haifuti majibu ya kinyama. Lupasi ya mafuta mara nyingi inakaa peke yake, bila kuenea mwilini, na damu ya watu wengi wa aina hiyo haionyeshi kitu kikubwa. Kilichoamua kwako ni mafuta yaliyoonekana kwenye hadubini pamoja na jinsi vinundu vyako vilivyo na vilipo. Weka karatasi ile mahali pasipolowa, na uipige picha.

Mkojo wanapima kwa ajili ya figo. Wapo wenye lupasi ya mafuta ambao pia wana lupasi ya mwili mzima, au inawajia baadaye, na figo huharibika kimyakimya bila maumivu yoyote. Protini au damu kwenye mkojo ndiyo dalili ya kwanza. Kwa hiyo kila kliniki watakapokupa kikopo, kijaze, na uulize majibu. Katikati ya kliniki, ukiona miguu inavimba jioni, mkojo una povu lisiloondoka, viungo vinavimba asubuhi, vidonda mdomoni, kifua kinachoma ukivuta pumzi, usisubiri tarehe.

Mtoto. Mpango wenu haujafa. Ila haya yafanywe kwa mfuatano. Haidroksiklorokwini inaendelea wakati wa ujauzito na wakati wa kunyonyesha, na kwa mwenye lupasi kuiacha akiwa mjamzito ndiko kunakoleta hatari, ugonjwa unaweza kulipuka. Lakini methotreksati na mikofenoleti zinaharibu mimba, na zinaachwa muda kabla ya kuanza kutafuta, kwa mpango na daktari. Talidomaidi, ambayo nayo hutumika kwa lupasi ngumu ya ngozi, ndiyo iliyosababisha watoto kuzaliwa bila mikono na miguu huko Ulaya miaka ya 1950 na 1960. Mwanamke anayeweza kushika mimba hapewi bila ulinzi mkali sana. Kwa hiyo mwambie daktari wako sasa hivi, kliniki hii inayokuja, kwamba unataka mtoto. Asije akakupandisha hatua ya pili bila kujua. Madaktari wengi wanashauri ugonjwa uwe umetulia angalau miezi sita ndipo mshike mimba, na wakati huo wapime figo na zile kingamwili zinazogandisha damu, maana zikiwepo mjamzito anahitaji dawa nyingine. Mpaka hapo tumieni uzazi wa mpango. Zungumza nao kuhusu njia isiyo sindano, kwa lile nililosema la kuchomwa kwenye nyama.

Shavu: nimewahi kuuliza kuhusu kujaziwa. Inafanyika kwa baadhi ya watu, mafuta ya sehemu nyingine ya mwili yanahamishwa, lakini daktari yeyote makini hatagusa mpaka ugonjwa uwe umelala kwa muda mrefu, kwa sababu kule kuchomwachomwa kwenyewe kunaweza kuuamsha. Likae akilini mwako kwa miaka ya mbele, sasa hivi kazi ni kuzima uvimbe. Na kama baba watoto anavuta sigara ndani, atoke nje, na kama wewe unavuta, acha. Sigara inaongeza lupasi ya ngozi, na wavutaji wengi wanapata nafuu ndogo kutoka kwenye hii dawa.

Ukienda kliniki ya macho waambie wazi unameza haidroksiklorokwini, uwape na tarehe uliyoanza. Wasipoambiwa watakupima miwani tu. Mimi huenda hospitali ya Bugando asubuhi mapema, foleni ikiwa bado fupi pale mlimani. Ukipangiwa siku, niandikie humu kwenye ujumbe wa faragha, na kama sina vipindi nitakusindikiza.

MuanikaDagaa wa Igombe

Nimepata tarehe ya macho, inaangukia mbalamwezi. Nimekuandikia kule, dada.